Kikao cha Kuhukumu Mimba ya Sophie

Kitanda usichokilalia ndicho ambacho kunguni wake unawajua wote, mmoja mmoja, kwa jina na kwa ukoo. Najua mithali haisemi hivyo. Mithali inasema hujui kunguni wake. Lakini aliyeitunga hakuwahi kukaa na familia yangu, akamwona mzee wa miaka themanini na mbili, ambaye hajawahi kubeba mimba hata ya dakika moja, akimweleza mwanamke aliyebeba miezi tisa kilichotokea ndani ya tumbo lake.

Mzee huyo ni Papa Placide, kaka mkubwa wa marehemu baba yetu, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, na mkuu wa ukoo kwa kujiteua. Mwanamke ni Sophie, mke wa kaka yangu Pascal. Mimi ni Ariane, mdogo wake Pascal. Kazi yangu ni kupiga karatasi za watu kwenye kibanda cha sekretaria karibu na soko la Kadutu, hapa Bukavu: maombi ya kazi, mialiko ya harusi, mashtaka, matangazo ya kifo. Kwa hiyo familia ikikaa kikao, mimi ndiye mwandishi. Wananipa daftari na kalamu ya bic, wananipa kiti karibu na mlango, na wanasahau kwamba nina masikio.

Kikao kilikuwa cha Jumapili, baada ya misa ya pili, nyumbani kwa Pascal huko Cimpunda. Kilikuwa juu ya Élodie, mtoto wao wa pekee, mwenye miaka mitano. Élodie hasemi. Anavuma kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa, anapanga vijiko kwa urefu, anaziba masikio jenereta ya jirani ikiwaka, lakini hajawahi kuita mtu. Ukimwita yeye, hageuki. Ukiondoa kijiko kimoja katika mstari wake analia mpaka mtaa mzima ujue, na Cimpunda nyumba zimebanana hivi kwamba kila mtu ni jirani wa ukuta.

Shangazi Emérence, dada wa baba na Papa Placide, alikuwa amekwisha kupata dawa. Sisi ni Wakatoliki wa misa ya pili, lakini tukiogopa tunaisahau parokia. Kuna nyumba moja ya maombi upande wa Mudaka, nje ya mji, ambako watoto kama Élodie hufungishwa siku tisa bila chakula, ili kilichowaingia kione njaa na kutoka. Mkubwa wa nyumba ile si mjinga. Hapokei mtoto bila procès-verbal ya familia, yaani karatasi iliyosainiwa na wazee, inayosema kwamba mama mzazi amekiri mbele yao kosa alilofanya wakati wa mimba. Mtoto akimfia mikononi, karatasi ile ndiyo itakayojibu. Ikipatikana Jumapili, Élodie angeondoka Jumatatu asubuhi. Na Sophie akikataa kukiri? Angerudishwa kwao kisiwani Idjwi, peke yake, wazee wangeandika wenyewe kwamba amekiri, na mtoto angeondoka vilevile. Hiyo ndiyo haki ya kwetu: milango miwili, yote inatokea kwenye shimo moja.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, mimi na Sophie tulikuwa tumempeleka Élodie kwa Mélanie, mwanasaikolojia wa kituo kimoja cha watoto mjini. Mélanie aliketi sakafuni saa nzima, akapanga vijiko vyake kando ya vijiko vya Élodie bila kuvigusa vya mwenzake, kisha akatutajia jina la hali yake. Kwa Kifaransa huitwa autisme. Kwa Kiswahili ni usonji, neno ambalo nilipolitaja nyumbani walicheka wakidhani nimelitunga mwenyewe. Halafu Mélanie akauliza maswali. Baba alikuwa na umri gani mtoto alipozaliwa? Arobaini na saba. Mama alipata homa kali akiwa na mimba? Ndiyo, malaria, mwezi wa nne. Alikuwa akimeza dawa za kifafa? Hapana. Uchungu ulichukua muda gani? Siku mbili. Mtoto alilia alipotoka? Hapana. Kuna mwingine kama yeye katika familia? Upande wa mama, hakuna. Upande wa baba? Sikujua. Mélanie akaandika "haijulikani" na kuweka alama ya kuuliza.

"Maman Élodie, unisikilize muzuri," akasema. "Ile yote niko nauliza, hata moja haiko kosa yako. Ni vitu vinaweza kuongeza hatari. Kuongeza hatari haiko kuleta. Batoto mingi wanapita mu ile yote na hawapate kitu. Bengine hawapite mu kitu, na banakuwa nayo. Kubwa zaidi iko mu damu ya familia, na akuna mutu anachaguaka damu."

Sophie alilia njia nzima mpaka mtaa wa Essence. Si kwa huzuni. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza juu ya mimba yake bila kumshtaki.

Basi Jumapili maswali yalikuwa yale yale, ila midomo mingine.

"Mwezi ya kwanza," Papa Placide alianza, akishusha miwani mpaka ncha ya pua, kama alivyofanya kwa watoto wa darasa la pili kwa miaka thelathini. "Ulikula nini?"

"Chakula, papa."

"Chakula gani?"

"Bugali. Sombe. Sambaza."

"Sambaza!" Shangazi Emérence aliruka juu ya kiti, kana kwamba dagaa hao wa ziwa letu wamemwuma. "Sambaza iko na macho ngapi mu sahani moja? Mutu wa mimba anameza macho mia mbili! Sasa mutoto ataangalia nani mu macho?"

"Tantine," nikasema, "Bukavu yote inakulaka sambaza. Nani angeangalia mwenzake?"

"Weye andika."

Nikaandika. Macho mia mbili. Sikuacha hata jicho moja.

"Mwezi ya ine?"

"Nilishikwa na malaria, papa. Homa siku sita."

"Ulienda hospitali?"

Sophie alitazama mikono yake. "Tantine alisema maji ya mubirizi inatosha."

"Na inatosha!" akasema Emérence. Mubirizi ni majani machungu ambayo kwetu hutibu kila kitu isipokuwa ubishi. "Mimi batoto saba nimebeba na mubirizi. Akuna hata moja anapanga vijiko."

"Cédric anapangaka chupa," nikasema.

Cédric ni kitinda mimba wake, na mtaa wote unajua chupa zipi. Hata Papa Placide alikohoa kuficha kicheko.

"Mwezi ya sita," akaendelea haraka, "ulipanda bateau."

"Nilienda Idjwi kuzika mama yangu."

"Na mimba! Ulienda ku kilio, uliangalia maiti! Njo ile mutoto anaziba masikio. Alisikia kilio toka mu tumbo."

"Alikuwa mama yangu, papa."

"Maiti haina mutoto."

Sentensi ile niliiandika kwa herufi nzuri kuliko zote. Upumbavu ukiandikwa vibaya, watu hudhani kosa ni la mwandishi.

Mnaniuliza Pascal alikuwa wapi? Alikuwa hapo hapo, kwenye kiti cha pembeni, akitazama viatu vyake. Kaka yangu ni mhasibu wa shirika moja. Ana miaka hamsini na miwili, na nimemsikia kwa simu akimwambia mkubwa wake wa Kinshasa kwamba ripoti yake haifai. Lakini mbele ya Papa Placide anarudi darasa la pili. Alioa akiwa na arobaini na mitano, na si kwa kupenda: wazee hawa hawa walimkatalia wachumba watatu. Mmoja mrefu mno, mmoja jina lake halikuwapendeza, wa tatu mama yake alicheka kwenye kilio. Na siku hiyo Papa Placide mwenyewe alisema, kwa kushangaa, kwamba baba alikuwa na arobaini na saba mtoto alipozaliwa.

Tukafika kwenye kuzaliwa. Hapo Shangazi Emérence alijiweka sawa, akapanga kitambaa kichwani, kwa sababu hii ilikuwa hadithi yake.

"Mimi nilikuwa pale," akasema. "Siku ya kwanza inapita, mutoto haiko nakuja. Siku ya pili docteur anafika na karatasi: césarienne, mutoto anachoka. Nikamwambia, docteur, mu familia yetu mwanamuke anazala, hapasuliwe sawa kuku. Uyu Pascal alitaka kusigna. Mimi njo nilimunyanganya bic!" Akainua mkono, kana kwamba bic ile bado anaishika. "Na alizala. Yeye mwenyewe!"

Wazee wawili wa ukoo, waliokuja na Papa Placide, wakatikisa vichwa kwa heshima. Pascal aliendelea na viatu vyake.

"Na mutoto alilia?" nikauliza.

"Hakulia palepale. Alikuwa bleu kidogo. Bakamupiga ku mugongo, bakamuwekea ile kitu ya hewa. Kisha akalia."

"Kisha dakika ngapi?"

"Mimi nilikuwa naangalia saa? Nilikuwa na rozari yangu."

Nikaandika: bic, bluu, kitu cha hewa, rozari. Sikubadilisha mpangilio. Mpangilio ulikuwa wake.

"Tumalizie na mambo ya damu," akasema Papa Placide. "Kwenu Idjwi, kuna mutu sawa uyu? Kimya, haangalie batu, anakamata tu kitu moja siku muzima?"

"Hapana, papa."

"Fikiri. Babu? Wajomba?"

"Hapana, papa."

"Wanaficha," akasema Emérence.

"Na kwetu?" nikauliza.

Wakanigeukia kana kwamba kiti kimesema.

"Procès-verbal inaomba pande mbili, papa," nikasema. "Ukijaza upande moja, banaweza kuikatala kule." Ilikuwa nusu ya ukweli, na nusu hiyo ilitosha. Papa Placide anaogopa vitu viwili duniani: Mungu na karatasi yenye kasoro.

"Kwetu akuna. Andika: akuna."

Wakati huo Élodie alikuwa amepata bakuli la vijiko vya chakula cha mchana. Alivimwaga sakafuni, karibu na miguu ya shangazi, akaanza kuvipanga huku akivuma. Vikubwa hapa, vidogo kule, vya mbao peke yavyo.

"Angalia uyu," Emérence akasema, akivuta miguu. "Sawa Akonkwa na maharagi yake!"

Na hapo Papa Placide, mkuu wa ukoo, akacheka.

"Akonkwa njo nani?" nikauliza.

"Ndugu yetu mudogo," akasema, na sauti yake ilikuwa laini ghafla. "Hukumujua. Alikufa kabla baba yako aowe. Uyo mutu! Alikuwa anatenga maharagi kwa rangi. Mama anaiweka ku moto, yeye anarudi kuitoa mu maji ya moto, na vidole, ju zimechanganyikana!"

"Na ngoma ya kanisa!" Emérence akadakia. "Ngoma inalia, yeye mbio, mpaka mu migomba. Anaziba masikio na udongo!"

"Na batakatifu! Unamutajia siku, le dix-sept juillet, anakuambia mutakatifu wake palepale. Mwaka muzima alikuwa nayo mu kichwa. Lakini umuulize, Akonkwa, umekula? Kimya. Anaangalia mulango."

"Na ile shati ya bleu! Mama aliishona mara ngapi? Alikatalaka kuvaa ingine."

Walicheka mpaka Papa Placide akavua miwani kufuta machozi. Sijawahi kuwaona wazuri hivyo. Walimpenda yule mtu. Walikumbuka vidole vyake, shati lake, udongo wa masikioni, na hakuna hata mmoja aliyeinamisha macho kumtazama mtoto aliyekuwa sakafuni kati ya miguu yao. Sophie alimtazama. Pascal naye, kwa mara ya kwanza siku hiyo, aliacha viatu vyake na kumtazama.

"Kwa hiyo Akonkwa alikuwa sawa Élodie," nikasema.

"Hapana!" Papa Placide alirudisha miwani. "Akonkwa hakukuwa mugonjwa. Akonkwa alikuwa Akonkwa."

Nikaliandika na hilo.

Hapo ndipo lilipotendeka kosa ambalo ni wazee wa kwetu tu wanaoweza kulitenda. Wingu lilikuwa limeshuka juu ya kilima, na kila mtu anajua njia ya Cimpunda mvua ikinyesha: hakuna pikipiki inayopanda. Nyama ilikuwa imeiva na harufu yake ilikuwa imeshafika kikaoni. Sasa kwetu procès-verbal husainiwa kabla ya kula, kwa sababu baada ya kula watu hutawanyika. Na kwa kuwa mwandishi bado hajaiandika vizuri, husainiwa karatasi tupu. Majina chini ya uso wa pili, weupe kote juu. Mwandishi atajaza kwa nafasi yake. Nimezipiga karatasi kama hizo kibandani kwangu, nikawauliza wenyewe kama hawaogopi, wakaniambia: tunaogopa nini, si tumekubaliana?

Papa Placide alisaini wa kwanza, akaongeza "Directeur honoraire", yaani mwalimu mkuu wa heshima, na mstari chini yake. Emérence alisaini, akachora msalaba mdogo. Wazee wawili waliokuwa wakitikisa vichwa wakasaini kwa kutikisa vichwa. Baba wa mtoto husaini wa mwisho, baada ya karatasi kusomwa mbele ya wote; hiyo nayo ni desturi, na siku hiyo niliibariki.

"Unaweka: mama amekiri," Papa Placide akaniambia, akinawa mikono.

"Amekiri nini, papa?"

"Weye uko na diplôme. Tafuta."

Wakala. Sophie aliwapakulia, maana hata mshtakiwa wa kwetu hupika. Mimi nikaketi mezani na ile karatasi. Nilijua ninachotakiwa kuandika. Kingechukua mistari mitatu, na kesho yake mtoto wa miaka mitano angepakiwa kwenye pikipiki kati ya dereva na Shangazi Emérence, kwenda kulala njaa siku tisa. Badala yake niliandika yaliyosemwa. Yote. Kila neno chini ya jina la mwenye neno. Nilijaza uso wa kwanza, nikageuza, na mwishoni, juu kidogo ya jina la Directeur honoraire, nikaweka hitimisho.

Walipomaliza kunawa, nikasimama nikasoma.

Mwanzoni walifurahi. Hakuna mtu asiyependa kusikia maneno yake yakisomwa kwa sauti. Emérence alitabasamu kwenye macho ya sambaza, na kwenye bic akawageukia wengine kuona kama wamesikia. Kisha nikafika mwisho.

"Maman Élodie hakukiri kosa, kwa sababu kula, kuugua, kumzika mama na kuzaa si makosa. Kikao kimesikia kwamba baba alikuwa na miaka arobaini na saba. Kimesikia kwamba homa ya mwezi wa nne haikutibiwa hospitali, kwa shauri la shangazi. Kimesikia kwamba shangazi huyo alimzuia baba kusaini upasuaji aliouomba daktari, na mtoto akatoka bila kulia. Kimesikia kwamba katika ukoo wetu, wala si katika ukoo wa Idjwi, alikuwepo Akonkwa. Kikao hakiwezi kusema ni kipi kati ya hivyo kilichochangia, au kama kuna hata kimoja. Kinaweza kusema tu kwamba mama hana hatia, na kwamba hakuna pepo aliyetajwa na mtu yeyote aliyemwona."

Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Papa Placide aliinama kuitazama karatasi mkononi mwangu, labda akidhani kuna ukurasa mwingine.

"Pasua," akasema.

"Imesainiwa, papa."

"Mimi sikusema ile!"

"Unionyeshe mustari yenye hukusema. Nitaifuta."

Akanipokonya karatasi, akaisogeza karibu na miwani, akapita mstari kwa mstari na kidole, kama anayesahihisha imla. Alitafuta mbele, akatafuta nyuma. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Hakupata.

"Mimi sikusema nilizuia!" Emérence akapiga kelele. "Nilisema nilimunyanganya bic!"

"Sawa, tantine. Nabadirisha: alimnyang'anya bic."

"Unacheka wakubwa? Muone uyu! Tumesomesha nyoka!"

"Baba mudogo Akonkwa alikufa na nini?"

Sauti ilikuwa ndogo, na ilichukua muda kabla hatujajua ni ya Pascal.

"Iko zamani," akasema Papa Placide.

"Alikufa na nini, papa?"

"Nimekuambia, iko zamani."

"Alikufa na nini?"

Papa Placide alivua miwani akaanza kuifuta. Shangazi Emérence alikuwa akitazama sahani yake, ambamo hapakuwa na kitu tena. Yeye ndiye aliyesema mwishowe, na kwa mara moja hakuipamba hadithi.

"Tulimupeleka ku maombi. Kufunga. Alikuwa na miaka kumi na kenda. Siku ya saba hakuamuka."

Pascal aliinuka. Akachukua karatasi mkononi mwa Papa Placide, hakuivuta, aliichukua tu, na mzee akaiachia. Akaomba bic yangu. Akasaini kwa kukandamiza, na saini yake ile, ambayo benki tatu zinaijua, ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Mutoto yangu haendi Mudaka," akasema. "Na bibi yangu haendi Idjwi. Akitaka kusalimia ndugu zake, nitamusindikiza mimi mwenyewe ku port, na nitamungojea."

Kisha akaketi. Hakumtazama mkewe. Alikuwa na mengi ya kumwambia, ya miaka mitano, na hayakuwa ya kusemwa mbele yetu.

Msingojee niwaambie kwamba Élodie aliinuka akasema "mama". Hakusema. Alikuwa akivuma, na Sophie alikuwa amekaa sakafuni karibu naye, mgongo kwa wazee.

Wazee walishuka kwenye mvua, wote wanne, na matope yalikuwa kama nilivyoyaombea.

Siku ya pili nilipiga nakala na kumpelekea Mélanie. Alisoma habari za Akonkwa mara mbili, akafuta alama yake ya kuuliza. Nikamwuliza nilichotaka kukisikia: basi ni kosa la Shangazi Emérence? Niende niseme?

"Hatujue, Ariane," akasema. "Labda Élodie angekuwa hivi ata kama bangepasua siku ya kwanza. Akonkwa, nani alimunyanganya bic? Ukitoa kosa ku Sophie na kuiweka ku tantine yako, haujafanya kitu. Umehamisha tu batu ku kiti."

Ilinichukiza. Nilitaka sana iwe Emérence. Ningelala vizuri. Lakini Mélanie hakunipa, na siwezi kuwatukana wazee kwa kusema wasichokijua halafu nami nikafanya vilevile. Niseme basi ninachokijua: mwanamke aliteseka siku mbili kwa sababu ya majivuno ya mwingine, na kwa hilo hakuna haja ya sayansi.

Élodie sasa huenda kwa Mélanie mara mbili kwa wiki. Wiki iliyopita alimshika Sophie kidole akakipeleka kwenye kikombe cha maji. Kwenu ni jambo dogo. Pascal alinipigia simu kazini kunisimulia.

Juzi barua imefika kutoka kwa Papa Placide. Kwa kuwa hakuweza kuileta kwangu kupigwa, aliipeleka kibanda cha pili kutoka changu, na jirani yangu Joviale alikuja kunionyesha kabla hata haijakauka wino. Familia inaniita Mudaka, nyumbani kwa Papa Placide, Jumamosi ijayo. Nilete mbuzi na kreti ya bia. Nipige magoti mbele ya wakubwa, niombe msamaha kwa makosa matatu: kuwahadaa wazee, kumfufua marehemu bila ruhusa, na kumfundisha Pascal kusema. La tatu limeandikwa hivyo hivyo, sijaligusa.

Watu wananishauri. Joviale anasema mbuzi ni mbuzi tu, piga magoti, mambo yaishe. Pascal amesema yeye ndiye atakayemtafuta mbuzi. Hata Sophie alikuja kibandani jana, akakaa kwenye benchi la wateja na Élodie mapajani.

"Omba tu, Ariane," akasema. "Ni neno moja. Banaweza kukukata mu familia ju yangu."

"Wakate."

"Siku utaolewa, nani atakaa upande yako?"

"Weye. Na Pascal. Na uyu."

"Batasema hauna heshima."

"Banasema tayari."

Alitikisa kichwa, akaniachia ndizi mbili, akaenda zake. Jibu nimelipiga leo asubuhi, bila kosa hata moja la tahajia, na nimelituma kwa dereva yule yule aliyeleta barua.

Papa Placide, Shangazi Emérence, na wengine mliosaini. Barua yenu nimeipata. Kila mlichosema kiliandikwa, na kila kilichoandikwa mlikisema. Akonkwa alikuwa mtu, alikuwa wa kwetu, na mlimuua kwa njaa. Kama kumtaja ni kosa, nitalirudia Jumamosi, na Jumapili, na kila siku mtakayoniita. Mudaka sitakuja. Mbuzi sitaleta. Msamaha siombi.